Watu watatu mbele ya Duke Ellington

Julai 1955 Thelonious Monk, mpiga piano wa jazi wa Marekani, aliingia studio ya Rudy Van Gelder, Hackensack, New Jersey, akiwa na watu wawili tu: Oscar Pettiford kwenye besi na Kenny Clarke kwenye dramu. Walikwenda kurekodi nyimbo za Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi kubwa ya jazi aliyezoea kuketi mbele ya safu nzima ya tarumbeta, tromboni na saksafoni. Wazo lilikuwa la Riverside, kampuni ya santuri. Monk alionekana mgumu kueleweka, na nyimbo zilizokwisha zoeleka zingewasogeza wasikilizaji karibu naye.

Lawama iliyoiandama santuri hiyo ni moja: eti Monk alijibana, adabu ikamzidi. Sikubali. Kila nikiirudia naona kwamba hivi ndivyo kikundi kidogo kinavyopaswa kumuenzi kiongozi wa bendi kubwa.

Vikundi vingi huhangaika kuziba pengo. Saksafoni moja hubebeshwa kazi ya saksafoni tano, na mpiga piano hujaza kila upenyo kana kwamba ukimya ni aibu. Sikiliza Monk anavyopiga “Black and Tan Fantasy”. Katika rekodi za Ellington za 1927 Bubber Miley, mpiga tarumbeta wake, aliingurumisha tarumbeta, akiziba na kuachia mdomo wa ala hiyo kwa kikombe cha mpira, hata ikawa kama mtu anayelalamika. Monk hauigizi mngurumo huo. Anaweka noti, anaiacha isikike mpaka mwisho, kisha anaweka nyingine, huku Pettiford, aliyewahi kuwa katika bendi ya Ellington miaka ya 1940, akiitembeza besi chini yake bila haraka. Kwenye “Solitude” hata hao wenzake wawili wananyamaza. Monk anabaki na piano tu. Wimbo wa upweke, ungepigwa na nani zaidi ya mtu mmoja?

Na hapo ndipo anapotokea Ellington ambaye wengi tumempita. Husemwa kwamba ala yake halisi ilikuwa bendi yake, na ni kweli, lakini sifa hiyo imemfunika mpiga piano. Yeye na Monk wote walinywea kisima kimoja, piano ya Harlem, mtaa wa New York, ile ambayo mkono wa kushoto unarukaruka kati ya noti nzito ya chini na kishindo cha noti kadhaa za katikati. Ondoa wapulizaji, mkono ule unabaki peupe.

Septemba 1962 Ellington mwenyewe alirekodi santuri ya “Money Jungle” na Charles Mingus kwenye besi na Max Roach kwenye dramu. Watu watatu tena. Anaigonga piano kwa ukali, noti zinakwaruzana, anakatiza ghafla pale unapodhani ataendelea. Iweke mara tu baada ya ile ya Monk, uisikilize kwa sauti kubwa. Utamtambua mtu ambaye Monk alikuwa akimsikia siku zile za Hackensack.