Kuingia mara moja, sawa. Simu nzima, hapana

Mfumo wa kuingia mara moja kwenye programu za kazi, yaani akaunti moja na nenosiri moja vinakufungulia programu zote za ofisi, nauunga mkono bila kigugumizi. Tulikotoka tunakujua: barua pepe na nenosiri lake, maombi ya likizo na lake, hati ya mshahara na lake, na yote yanadai kubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Watu wakawa wanajitumia manenosiri WhatsApp wasiyasahau. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilishauri tangu 2017 kwamba watu wasilazimishwe kubadili nenosiri kila mara bila sababu. Ofisi nyingi bado hazijapata habari.

Mfumo ukiwekwa vizuri, programu ya likizo hailioni kabisa nenosiri lako. Inakupeleka kwenye ukurasa wa kampuni, unathibitishwa huko, nayo inapewa tokeni tu, yaani kibali cha kidijitali kinachoonyesha kwamba umeshathibitishwa. Ukurasa huo unatakiwa ufunguke kwenye kivinjari cha simu, ndivyo mwongozo wa kiufundi wa intaneti uitwao RFC 8252, wa 2017, unavyosema. Ukifungukia ndani ya programu yenyewe, programu hiyo ina uwezo wa kusoma unachoandika, na programu ya pili haitajua kwamba umeshaingia. Kwa hiyo ukiona kila programu inakudai nenosiri upya, usikimbilie kulaumu simu yako ya bei poa. Huenda aliyeitengeneza programu alijirahisishia kazi.

Ninapogombana na watu wa IT ni hapa: simu nimenunua mimi, bando naweka mimi, halafu naambiwa nikubali kampuni iisimamie simu yote, pamoja na uwezo wa kuifuta. Picha za wanangu zimo humo! Na wala si lazima. Android ina wasifu wa kazi tangu 2014: programu za ofisi zinakaa upande wao, zina alama ya kijibegi, na mwajiri akifuta anafuta upande huo tu. Dai huo. Anayetaka kuitawala simu nzima anunue yake akukabidhi.

Jingine ni uthibitisho wa pili, ile hatua ya kuthibitisha kwamba ni wewe baada ya kuweka nenosiri. Namba za siri zinazotumwa kwa SMS sizipendi, maana laini ikihamishwa na matapeli namba zinawafuata wao. Hata kitufe cha "kubali" kinachotokea kwenye simu mtu anapoingia si kinga: Septemba 2022 mvamizi aliingia kwenye mifumo ya kampuni ya Uber baada ya mkandarasi mmoja kutumiwa maombi mfululizo hadi akakubali moja. Bora ile njia ya kuandika tarakimu unazoziona kwenye skrini unayoingilia. Microsoft waliifanya lazima kwenye programu yao ya uthibitisho, Authenticator, mwaka 2023.

Faida inaonekana zaidi siku simu inapoibiwa kwenye daladala. Unapiga simu moja, IT wanafunga akaunti moja na kufuta tokeni zake, basi. Ila namba ya IT iandike pia mahali pengine, maana wengi wetu tumeihifadhi kwenye simu hiyohiyo.