Seafile haijasikilizwa

Barazani Mkomani tumebishana tena. Familia tatu tunapiga picha miswada ya babu zetu, tunaiunganisha kuwa mafaili ya PDF, na sasa twataka kuitunza kwenye seva yetu wenyewe hapa Lamu, kwa programu huria ya kuhifadhi mafaili na kuyapelekea kompyuta za jamaa wote. Wengi wanaitaka Nextcloud. Seafile, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, wameikataa kwa sababu ya kasoro moja.

Nextcloud ina mengi. Tangu mwanzilishi wake, Frank Karlitschek, ajitenge na ownCloud, programu ya aina hiyo aliyoianzisha kwanza, mwaka 2016, imeongezewa simu za video na nyenzo za kuandika hati moja watu wengi kwa pamoja. Tena faili hukaa diskini kama lilivyo: seva ikifa, unachomoa diski, unaichomeka kwingine, unasoma. Seafile hulikata faili vipande. Ukichungulia diski yake huoni utenzi, waona rundo la herufi na tarakimu. Hapo ndipo watu wanapotishika.

Lakini vipande hivyo ndivyo vinavyotufaa. Chukua mswada wa MB 600. Shangazi yangu, aliye Malindi, anaongeza maelezo pambizoni kuhusu neno la Kiamu tusilolijua sisi vijana, anahifadhi. Nextcloud itapandisha MB zote 600 upya. Kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hizo ni dakika 40, umeme usipokatika. Jamaa wanne nao walishushe faili lote, jumla MB 3,000 za bando. Kwa neno moja! Kesho shangazi ataona afadhali anyamaze, na neno lile tutalikosa. Seafile hupeleka vipande vilivyobadilika tu. Faida hiyo yategemea programu ya PDF iongeze mabadiliko mwishoni mwa faili. Ikiliandika upya lote, yaweza kupotea.

Na ile hofu ya diski? Seafile ina kifaa, seaf-fsck, kinachoyarudisha mafaili kuwa ya kawaida hata hifadhidata ikiharibika. Hakiwezi kwa maktaba (ndivyo Seafile inavyoyaita makabrasha yake makuu) zilizofungwa kwa nywila, basi miswada tusiifunge hivyo. Juu ya hayo, kila Ijumaa tutoe nakala ya kawaida kwenye diski ya pili, ikae nyumba nyingine.

Ingekuwa ofisi ya shule, yenye kalenda na ratiba za walimu, ningeipa Nextcloud bila ubishi. Sisi tuna mafaili mazito na mtandao mwembamba. Shangazi, kwa sasa, ayaandika maelezo yake kwa kalamu kwenye daftari, akitusubiri tuamue.