Yale maji ya samaki, yamwage

Nimechoka kusikia kwamba samaki wa mvuke ni chakula cha mgonjwa. Wengi wanaosema hivyo walipewa samaki aliyelala kwenye barafu siku tatu, akafunikwa jikoni nusu saa, akaletwa mezani akielea ndani ya maji yake. Samaki wa namna hiyo hata mwenye njaa humsukumia pembeni.

Pishi hili nililiona Guangzhou, kusini mwa China, kwa mama mwenye nyumba niliyopanga. Tangu siku hiyo naamini kwamba samaki aliyekuwa hai leo hii, mvuke ndio unaomfaa kuliko mafuta na kuliko mkaa. Watu wa Guangdong, jimbo lenye mji huo, humnunua akiwa bado anaogelea kwenye tangi la muuzaji: unaonyesha kwa kidole, anatolewa kwa wavu, anaparwa magamba na kutolewa matumbo papo hapo. Yule mama alikuwa akishuka sokoni saa kumi na moja jioni ili saa moja tuwe tunakula.

Alimkausha samaki kwa kitambaa, ndani na nje. Akatandaza mabua ya vitunguu majani kwenye sahani na kumlaza juu yake, ili mvuke upite hadi chini ya ubavu. Tumboni akatia vipande vya tangawizi, basi. Sahani haikuingia mpaka maji yalipokuwa yanatokota kwa fujo, maana ukianza na maji ya baridi nyama hulegea kabla haijaiva. Samaki wa gramu 600 hivi anataka dakika nane, kumi akiwa mnene. Jicho likigeuka jeupe na kutokeza, funua. Nyama iwe bado imeushika mfupa kidogo. Ikianza kuachia yenyewe, umechelewa.

Sasa hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Sahani imejaa maji meupe, na mtu aliyekulia kwenye mchuzi anadhani huo ndio utamu. La! Shombo yote imeshukia humo. Yamwage, yote. Yule mama alitupa pia tangawizi na vitunguu vilivyonyauka, akaweka vingine vibichi alivyovikata vyembamba kama nyuzi. Akapasha mafuta ya karanga hadi yakaanza kutoa moshi, akayamwagia juu ya nyuzi zile. Chaaa! Harufu ilinifuata hadi sebuleni. Sosi ya soya, aliyoipasha moto na maji na sukari kidogo, aliimimina mwisho kabisa, pembeni ya samaki, ngozi isichafuke.

Sisi wa pwani tunaanza na ndimu na chumvi, na samaki wa kupaka simpingi hata kidogo. Ila ndimu na viungo vinaizima shombo. Kwa njia ya yule mama inamwagwa nje, na kinachobaki ni ladha ya samaki mwenyewe. Kinachoniuma ni kuona watu wakichanganya njia hizi mbili: samaki analowekwa kwenye ndimu saa nzima, kisha anapelekwa kwenye mvuke. Ndimu imeshamkaza, na anatoka mkavu kama pamba.

Na awe mzima, kichwa na mkia. Kwa Kichina neno la samaki na neno la ziada hutamkwa sawa, *yu*, ndiyo maana katika Mwaka Mpya wao, wengi humbakiza kidogo hadi kesho yake. Kichwa huelekezwa kwa mkubwa wa meza. Na upande wa juu ukiisha, familia za wavuvi hazimgeuzi, kwa kuwa kumgeuza samaki ni kama kupindua mashua. Yule mama aliunyanyua uti wa mgongo kwa vijiti, ukatoka wote na miiba yake, nyama ya chini ikabaki nyeupe ndani ya sosi. Kisha akachokonoa ile nyama laini ya shavu, akaniwekea mimi mgeni juu ya wali wangu.