Cooper Black: herufi nene zinapofaa na zinapozidi

Kila mitindo ya miaka ya 1970 inaporudi, fonti ya Cooper Black hurudi nayo, ikaonekana kwenye fulana, vikombe vya kahawa na nembo za migahawa. Wapo wabunifu wanaoiona kuwa njia ya mkato ya asiyetaka kufikiri, na wapo wanaoitetea kwa hoja kwamba ni nadra kupata fonti inayomchangamkia msomaji upesi namna ile. Mimi niko upande wa watetezi, ila kwa masharti.

Kwanza, si zao la miaka ya 1970. Ilibuniwa Chicago na Oswald Cooper, na kutolewa mwaka 1922 na kiwanda cha kusubu herufi cha Barnhart Brothers & Spindler, ikilenga hasa matangazo ya biashara. Wapiga chapa wahafidhina waliichukia. Wenye biashara waliipenda. Herufi za kubandika na upangaji wa herufi kwa picha (kwa mwanga na filamu badala ya vipande vya chuma) viliipa maisha ya pili, na mwaka 1966 ikatokea kwenye jalada la albamu ya Pet Sounds ya Beach Boys, bendi ya Marekani.

Ukiitazama kwa karibu, utaona kwamba ncha za herufi zake zimeviringana kana kwamba zimesuguliwa, kwamba unene umejaa hadi nafasi za ndani zimebaki vitundu, na kwamba kitundu cha herufi o kimeinamia nyuma kidogo badala ya kusimama wima. Mviringo huo haukuwekwa kwa urembo pekee. Herufi yenye kona kali ikichapwa kwenye karatasi duni, au wino ukisambaa, kasoro huonekana papo hapo. Katika Cooper Black kasoro hiyo haionekani kirahisi, na ndiyo maana inastahimili kitambaa cha fulana na ukuta wa duka.

Hata hivyo, unene una gharama, na kwa maoni yangu sisi tunaoandika Kiswahili tunailipa zaidi. Maneno yetu yamejaa irabu, na a, e na o ndizo zenye vitundu hivyo finyu. Neno kama “wanaoendelea”, likiandikwa kwa ukubwa wa maandishi ya kawaida, hugeuka ukanda mweusi ambao jicho halipati pa kushika. Isitoshe, vitenzi vyetu ni virefu na fonti hii ni pana. “Karibuni” juu ya mlango wa mgahawa hupendeza sana, lakini “Tunawakaribisha wateja wetu wote” katika nafasi ile ile italazimu herufi zipunguzwe, na uchangamfu wote uliotafutwa utapotea.

Kuhusu hisia, easyJet imeitumia vizuri, nyeupe juu ya rangi ya chungwa, kwa sababu shirika la ndege la nauli nafuu linataka abiria asiogope. Uchangamfu huo huo ungeudhi katika tangazo la msiba au ilani ya hospitali.

Shutuma kwamba fonti hii imechakaa kwa kutumiwa mno ina ukweli pale ambapo kila mgahawa wa mtaa mmoja umeichagua. Mbunifu akiniletea nembo ya duka la juisi yenye neno moja au mawili, rangi moja, na herufi zilizosogezwa karibu karibu, nitaipitisha bila kusita. Akiniletea menyu nzima kwa Cooper Black, nitamwomba aliache jina la duka lilivyo, na vinywaji na bei aviandike kwa fonti nyembamba ya kawaida.