Sauti ya hewa tumboni si ushahidi

Wiki yangu ya kwanza ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, sista aliyenifundisha kazi alinionyesha namna ya kuhakikisha kwamba mrija wa kulishia umefika tumboni. Unavuta hewa kwenye bomba la sindano, unaweka stethoskopu juu ya tumbo, unasukuma hewa na kusikiliza. Ukisikia mngurumo, unaandika kwenye faili kwamba mrija uko mahali pake, kisha unaanza kulisha. Nilifanya hivyo miaka minne bila kuhoji. Sista yule nilimheshimu na bado namheshimu. Kumgeuza mgonjwa mahututi bila kumuumiza nilijifunza mikononi mwake.

Lakini mngurumo ule husikika hata mrija ukiwa umeingia kwenye pafu. Hewa inayopulizwa sehemu ya chini ya pafu au kwenye umio, yaani njia ya chakula, sauti yake husafiri hadi tumboni, na sikio haliwezi kutofautisha. Norma Metheny, muuguzi na mtafiti wa Chuo Kikuu cha Saint Louis huko Marekani, alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 1990: kusikiliza hewa hakutegemeki. Mimi wakati huo nilikuwa shule ya msingi. Inaniuma kwamba habari hii ilichukua muda mrefu hivyo kufika kitandani kwa mgonjwa wangu.

Na mgonjwa wa ICU si kama mgonjwa wa wodi. Aliye macho, mrija ukipotea njia atakohoa na kukusukuma mkono. Aliyelazwa kwa dawa za usingizi hakohoi. Maziwa yanaingia pafuni akiwa ametulia kabisa, na wewe unakuja kushtuka baadaye oksijeni inapoanza kushuka. Kwa hiyo mrija ukishawekwa, vuta majimaji kidogo udondoshee kwenye karatasi ya pH, ile ya kupimia asidi. Ikisoma 5.5 au chini yake, hiyo ni asidi ya tumbo. Anayetumia omeprazole, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, anaweza kusoma juu zaidi hata kama mrija uko sawa. Huyo, na yeyote unayemtilia shaka, apigwe picha ya eksirei kabla hajapewa hata tone. Halafu weka alama ya kalamu pale mrija unapotokea puani, uitazame kila mara kabla ya kulisha.

Nikiyasema haya, hakosekani mwenzangu wa kujibu kwamba tafiti hizo ni za Wazungu wenye vifaa vya Kizungu. Huwa namrudisha nyumbani, kwenye utafiti wa FEAST, uliopima maji ya dripu kwa watoto wagonjwa sana. Ulifanyika Kilifi nchini Kenya, Muheza kwetu Tanzania, na Uganda kwenye hospitali za Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Waliingizwa watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri: mikono na miguu ya baridi, mapigo ya mbio, kucha zinazochelewa kurudisha rangi zikibanwa. Baadhi walipewa maji mengi ya dripu kwa haraka, kama miongozo ya dunia ilivyofundisha. Wengine hawakupewa maji hayo ya haraka, ila matibabu mengine yote waliyapata. Watafiti waliongozwa na Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Baada ya saa 48, katika makundi yaliyopewa maji ya haraka walikuwa wamekufa watoto kati ya 10 na 11 katika kila 100. Kwa wasiopewa, 7. (Watoto wa kuharisha na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo. Anayeharisha bado anahitaji maji, tafadhali tusichanganye.)

Kinachonigusa zaidi ni saa ya kwanza. Katika saa ile, watoto wengi zaidi kwenye makundi ya maji ya haraka ndio walioonekana kupata nafuu. Muuguzi aliyesimama pale aliona dalili za damu kutozunguka vizuri zikipungua, akaamini dripu inaokoa. Hakuwa mzembe, jicho lake lilimwonyesha jambo la kweli, ila halikuweza kumwonyesha kesho kutwa. Ilibidi watoto wahesabiwe hadi saa ya 48, ndipo yale ambayo jicho halikuyaona yakajulikana. Ndiyo maana sikubali mtu akiniambia "mimi nimefanya kazi hii miaka ishirini na nimeona". Sote tumeona. Hata mimi nilisikia ule mngurumo kwa miaka minne.

Chukua mfano mwingine, kuinua kichwa cha kitanda cha mgonjwa. Mwaka 1999, watafiti wa Barcelona walilinganisha wagonjwa 86 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Kwa waliolazwa chali, walioshukiwa kupata nimonia walikuwa 34 katika kila 100. Kwa walioinuliwa, 8. Baadaye Uholanzi walijaribu kuwaweka wagonjwa kwenye nyuzi 45, lakini walipopima, kitanda kilikuwa wastani wa nyuzi 28 siku ya kwanza, kisha kikazidi kushuka. Mgonjwa huteleza, kitanda hushushwa wakati wa kubadili shuka, na hakuna anayekumbuka kukirudisha. Nilichukua kipimapembe cha mkebe wa hisabati wa mwanangu, nikakifunga uzi wenye nati, nikapima kitanda nilichoapa kwamba kiko nyuzi 30. Kilikuwa 15.

Ushahidi nao hubadilika, na hilo lisitukatishe tamaa. Kwa miaka mingi tuliambiwa tusafishe mdomo wa mgonjwa wa mashine kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu. Mwaka 2022 miongozo ya Marekani ikasema tuache, lakini mswaki uendelee. Mswaki ndugu wa mgonjwa anaweza kuununua duka la mtaani.

Ugumu mkubwa ninaouona mimi ni adabu yetu. Kumuuliza mkubwa "kwa nini tunafanya hivi?" kunasikika kama kumvunjia heshima, basi mdogo ananyamaza, anazoea, na mwisho naye anamfundisha anayekuja. Mwaka jana nilijipa moyo, nikaenda kwa sista yangu na karatasi za pH mkononi. Nilianza na shikamoo, nikamweleza taratibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Na wale tuliowalisha kwa kusikiliza tu, mwanangu?"

Sikuwa na la kumjibu. Tulikwenda pamoja kitanda cha tatu, akavuta majimaji yeye mwenyewe, na mimi nikashika karatasi.