Kuta za Kigoma zinataka rangi yenye udongo ndani yake

Siku hizi mtu akimaliza kupiga plasta, swali la rangi anaiuliza simu. Anaona picha ya sebule ya nchi nyingine, kijivu kimetulia ukutani, anamtumia fundi: nataka hii. Fundi anapaka kama alivyoambiwa. Usiku taa ikiwashwa, ukuta unaelekea bluu na chumba kinapoa.

Kijivu chenyewe sina ugomvi nacho. Ninachopinga ni kukileta hapa bila kuangalia mwanga wa hapa. Kigoma iko upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kwa hiyo jua letu linazama majini, nyuma yake milima ya Kongo. Anayejenga mteremkoni anapenda madirisha yatazame ziwa apate upepo, na anafanya vizuri. Lakini chumba hicho asubuhi kina mwanga wa kivuli tu, kisha kuanzia saa kumi jioni kinapigwa na jua la pembeni, la njano na wekundu. Ukuta mmoja, rangi mbili kwa siku moja.

Ndiyo maana hata krimu, ambayo wengi tunaikimbilia tukitaka rangi ya joto, siikubali kwa vyumba vya magharibi. Krimu nyingi za dukani zimeegemea njano. Asubuhi inapendeza, jioni njano ya ukuta inakutana na njano ya jua, na sebule inakuwa kama imepakwa mawese. Ninayoitetea mimi ni nyeupe iliyotiwa wekundu kidogo na kahawia kidogo, ile ambayo ukiitazama peke yake unasema ni nyeupe, ila ukishika karatasi pembeni yake unaona udongo umo. Krimu ya njano iachie chumba kilichozibwa na mwembe, ambacho jua halikifikii mchana kutwa.

Udongo nautaja kwa sababu. Wekundu wa ardhi yetu unatokana na oksidi za chuma, na zile rangi za kuchanganyia, nyekundu ya udongo na njano ya udongo, kwa kawaida nazo ni oksidi za chuma. Ukitia kidogo kwenye ndoo ya nyeupe, ukuta wako unakuwa ndugu wa tofali za kuchoma, wa milango ya mninga na wa uwanja unaouona dirishani. Halafu kiangazi kikija, vumbi jekundu linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Kwenye nyeupe tupu linaonekana mara moja, kwenye kijivu linaacha alama kama za kutu. Kwenye rangi ninayoisema bado lipo, na kufuta utafuta, ila halikuaibishi mgeni akiingia ghafla.

Taa ichague kabla ya rangi. Hili nalisisitiza kuliko yote, kwa sababu jioni ndipo watu wote wa nyumbani wanapokaa pamoja. Soma boksi la taa: ikiandikwa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wake ni mweupe wenye ubluu, na rangi yoyote ya joto itafifia chini yake. Tafuta ya 3000K au 2700K, yenye mwanga wa joto. Sioni maana ya kulipia rangi ya bei ghali kisha kuiua kwa taa.

Kisha jaribu ukutani, usichague kwa karatasi ya dukani. Nunua kopo dogo, paka eneo la ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, mikono miwili, yaani ukirudia mara ya pili, kwenye ukuta unaotazama dirisha na ule wenye dirisha lenyewe. Kama chini kuna rangi ya zamani ya kijani au bluu, tanguliza nyeupe, la sivyo itakudanganya. Subiri ikauke, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi zaidi. Itazame asubuhi, itazame saa kumi na moja jioni, itazame taa ikiwaka. Fundi wangu hakupenda kusubiri. "Mama, rangi naijua," aliniambia. Nikamjibu, "Rangi unaijua, fundi. Chumba hiki nakijua mimi." Akasubiri, na jioni yake yeye mwenyewe ndiye aliyesema tupunguze njano.

Dari nalo lisisahaulike. Jipsamu nyeupe kabisa juu ya ukuta wa namna hii inaufanya uonekane mchafu, kwa hiyo tia kidogo cha rangi ya ukutani kwenye nyeupe ya dari. Na kama fundi anachanganya kwa mkono, achanganye ya chumba kizima kwa pamoja kabla ya kugusa brashi. Ndoo ya kesho haitafanana na ya leo. Bakiza nusu lita, ifunge vizuri, itaziba mikwaruzo ya viti.