Ile juisi haikuwa juisi

Haya, najua mshasikia. Voisi ya dakika 4, ya rafiki yangu mmoja akisimulia yaliyonipata na mama mkwe ndani ya gari langu, imezunguka kila grupu nililomo na mengine ambayo simo, hadi mtu ninayemheshimu kanirudishia akiuliza "huyu si wewe?" Ndiyo, ni mimi. Ila jamaa kaongeza chumvi: mama mkwe hakuruka dirishani. Alishuka mlangoni kama binadamu yeyote, na gari ilikuwa imesimama. Karibu isimame.

Sasa anatangaza kuna sehemu ya pili, kwa hiyo bora niongee mwenyewe.

Gari ilikuwa inakunywa kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini. Wiki 3 hizo. Unajaza kile kitenki mpaka alama ya juu, kesho kutwa unakuta iko chini ya alama ya chini, na chini ya gari pakavu kabisa. Nikaanza kutandika maboksi usiku, alfajiri naenda na tochi kuyakagua moja moja kama daktari na eksirei. Nakuta tone moja la oili, hilo ni la miaka yote tumeshazoeana, kulanti hata chembe.

Mimi nikajipa ufundi. Si nimeshaangalia video? Nikafungua mfuniko wa oili kutafuta ule utando wa rangi ya maziwa, maana gasketi ya silinda hedi ikiungua maji na oili vinaweza kuchanganyika, hakuna. Moshi mweupe kwenye ekzosi hakuna. Feni inawaka kwa wakati wake. Nikasema basi ni mfuniko wa rejeta (kile kipoza kulanti cha mbele ya injini), ule kazi yake ni kushika presha, na kulanti ikiwa chini ya presha inapita nyuzi 120 kabla haijachemka, mfuniko ukichoka inachemka mapema na kutoroka. Nikaweka mpya. Kulanti ikaendelea kuisha. Nikabadilisha themostati, kale kamlango kanakofunguka kwa joto kuachia kulanti iende kwenye rejeta, na baada ya kuifunga mpya (baada, jamani, sio kabla) ndio nikakumbuka kuipima ile ya zamani kwa kuichemsha kwenye sufuria. Maji hayajachemka hata, kale kamlango kakaanza kufunguka taratibuuu, kazima kabisa, kama kananikonyeza. Nimetoa kitu kizima nimeweka kitu kizima. Na ile sufuria shemeji yenu kasema nibaki nayo, hairudi jikoni kwake.

Katikati ya hayo ndio kukawa na kesi ya kapeti.

Jamaa (huyuhuyu wa voisi) nilimpa lifti akiwa na chupa ya juisi. Siku ya pili naingia kwenye gari, kapeti upande wa abiria imelowa, inanata, inanuka tamutamu. Nikampigia. Akakana. Nikamwambia njoo ulione hapa, akaja, akakana tena akiwa amesimama juu ya ushahidi, nami nikathibitisha kuwa ni juisi kwa njia yangu mwenyewe, hiyo tutafika. Akaondoka amenuna. Kapeti nikaikausha, kesho imelowa tena. Sasa mtu mwenye akili angejiuliza juisi ya wiki iliyopita inajimwagaje upya. Mimi nikahitimisha kwamba alimwaga nyingi.

Na kioo cha mbele kila asubuhi kina ukungu kwa ndani, ukifuta unabaki utando wa mafutamafuta. Nikalaumu kitambaa. Nimenunua vitambaa vitatu wadau. VITATU.

Tukaja kwenye siku yenyewe. Nampeleka mama mkwe, kakaa mbele kwa heshima, mke wangu nyuma. Hatujafika mbali mama anasema, "Baba, mbona hapa chini pana maji?"

"Ni juisi mama, kuna rafiki yangu mmoja hana adabu alimwaga."

Akainama, akagusa kwa kidole, akakiinua kwenye mwanga. "Juisi gani hii ya kijani?"

"Limau, mama."

"Limau la kijani?"

"Ndimu. Nimechanganya, ni ndimu."

Akasugua kidole na kidole, akanusa, akasema "inateleza kama mafuta", halafu hakusema kitu tena. Akavua viatu, akakunja miguu yote miwili juu ya siti, akajifunika magoti na mtandio. Nikaona mama ana madaha leo. Shikeni hapo kwenye miguu.

Tukakamata mlima, foleni inasogea hatua kwa hatua, jua kali. Nikatupa jicho kwenye geji ya joto la injini, mshale umetoka katikati, unapanda. Mtu mwingine angepaki pembeni akazima injini. Ila mimi kuna kitu nakijua, na nilikuwa nangoja siku 21 nzima kukionyesha mbele ya watu.

Hita.

Mbinu yenyewe ni ya kweli, msiikatae kwa sababu yangu. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta nyingine ndogo ya hita, kulanti ya moto inapita ndani yake na feni ya kwenye kabini inaipuliza, kwa hiyo ukiwasha hita mwisho kabisa unaipunguzia injini joto kwa kulileta kwenu ndani. Nikamfafanulia mama mkwe yote hayo, kwa mikono, nikaachia na usukani kidogo ili aelewe umbo la rejeta.

"Joto lote hili, baba?"

"Mama, wewe niamini."

Nikazungusha swichi kwenda kwenye nyekundu. Pole pole, kwa madoido. Feni nikaweka namba 4.

Kwanza ukaja upepo wa moto, sawa, tulitarajia. Halafu ikaja harufu, ileile tamu, ila mara kumi. Nikasema kimoyomoyo huyu jamaa alimwaga mpaka kwenye matundu? Halafu nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya magoti ya mama ukasikika mlio mdogo tu, ksss, kama mtu anafungua soda kanisani. Mama akageuza shingo kuuangalia. Mimi niko kwenye geji. Matundu yote manne yakaanza kutoa kitu cheupe, hakina haraka, kinajitandaza kama wingu lililopanga chumba. Kioo cha mbele kikapotea. Miwani ya mama ikapotea. Kisha mama naye akaanza kupotea, kuanzia mabegani kushuka chini, na mimi nimeinamia dashibodi naangalia mshale tu, maana mshale ulisita, ukatetema, halafu ukaanguka. Haukushuka jamani, ulianguka puu mpaka chini kwenye baridi.

Nikapiga kelele za furaha. "MAMA UMEONA? IMESHUKA! SI NILIKWAMBIA?"

Kimya.

Nikanyoosha mkono kwenye wingu ili anipe tano. Mkono ukabaki hewani. Nataka mjue uliko mkono wangu muda huo, uko peke yake kwenye mvuke, umefunguka vidole vitano, unangoja pongezi kutoka kwa mama mkwe, na chini kwenye kapeti kunasikika maji yanamwagika chwaaa, ya moto, palepale ambapo miguu yake ingekuwa.

Sauti ikatoka ndani ya wingu, tulivu kabisa:

"Baba. Simamisha gari."

Sikuwa naona mbele, nikatoa kichwa dirishani nikasogea pembeni hivyohivyo nikazima. Milango ikafunguka mitatu kwa pamoja, mvuke ukatoka kila upande, mtu wa gari la nyuma akaja mbio na mtungi wa kuzimia moto. Mama mkwe akashuka peku kwa mlango wake (KWA MLANGO, rudieni hapo mwambieni jamaa), akafuta miwani kwa mtandio, akatazama matone ya kijani kwenye mkono wake, akanitazama mimi, akasema:

"Ndimu zenu zina moto."

Mke wangu akageuka akaangalia upande mwingine, mabega yanatikisika. Mpaka leo anasema alikuwa analia.

Kilichobaki ni kifupi. Mfuniko wa rejeta sikuugusa mpaka injini ikapoa, hilo angalau nililifanya kama mtu mzima. Fundi akaja, hata boneti hakufungua, akainama akagusa kapeti akanusa akauliza "uliwasha hita?" kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Akaniambia maji ya AC nayo hulowesha hapohapo lakini yale ni meupe, hayanuki, hayatelezi, ukikuta tamu na utelezi basi rejeta ya hita imetoboka, na ule utando wa kwenye kioo ni mvuke wa kulanti. Na mshale? Kulanti ilikuwa imekimbia, sensa ya joto ikabaki inapima hewa. Yaani nilikuwa nashangilia injini kuishiwa maji. Akazichomoa hozi mbili zinazoingia kwenye hita akaziunganisha zenyewe kwa zenyewe, akajaza, akatoa hewa, tukarudi bila hita. Kesho yake akafunga pampu ya presha kwenye rejeta kupima uvujaji, mwanzoni geji ya pampu inakaa palepale haishuki, akairudishia hita kwenye mzunguko, ikashuka mbele ya macho yangu. Dashibodi nzima ikatolewa, rejeta ndogo mpya ikawekwa, sasa hivi kitenki hakijashuka siku ya tisa.

Siri ilivyovuja ni hivi, mke wangu alimpigia jamaa kumwomba radhi kwa niaba yangu kuhusu ile juisi. Jamaa akauliza "kwani imegundulika ni nini?" Naye akamweleza, kuanzia mwanzo.

Sasa hiyo sehemu ya pili. Ile siku ya kesi ya kapeti, jamaa anakana, mimi nimekasirika, nilichovya kidole kwenye kapeti mbele yake, nikakiweka kwenye ulimi, nikafumba macho kama muonjaji wa mashindano, nikatoa hukumu: "Ndimu. Na sukari umezidisha."

Nilitema, niko mzima, msijaribu hata kwa utani, ile kitu ni tamu lakini ni sumu, inaharibu figo, ndio maana hata paka na mbwa wanaolamba iliyomwagika wanakufa. Jamaa alikuwa ameshika simu muda wote ule. Nilidhani anatafuta namba ya mtu wa kumtetea.

Kasema anaitupia leo usiku kwenye grupu la familia. Mama mkwe aliongezwa humo jana, na salamu yake ya kwanza ilikuwa picha ya ndimu.